Harufu ya Samaki

Sajini Ndesanjo aliingia kwenye majivu ya godauni la Mehboob kwa mara ya tatu, akavua kofia, akajipepea nayo. Jua la Februari lilikuwa limekwisha kuyashika mabati yaliyokunjamana, na joto lililotoka humo lilimpiga usoni kana kwamba moto bado upo. Moto ulizimwa Jumapili. Leo Jumatano. Jumamosi mtu anapelekwa kwa hakimu, na kutoka kwa hakimu anakwenda kwa jaji, na mtu aliyechoma jengo kwa makusudi sheria ya Mwingereza inamruhusu jaji kumfunga mpaka afe.

Mtu mwenyewe aliitwa Nathanaeli Sumari, Mmeru, mmoja wa wale waliotolewa Ngare Nanyuki mwaka juzi na nyumba zao zikatiwa moto ili ng'ombe wa masetla wapate nyasi. Na ndani ya godauni hili, pale jirani na stesheni ya reli, ndimo masetla hao hao walimoweka vitu vyao: seng'enge, chumvi ya ng'ombe, dawa za ndama. Godauni liliungua Jumapili mchana. Jumatatu asubuhi Sumari akaja kituoni kwa miguu yake, akasimama mbele ya karani, akasema, "Mimi ndiye niliyechoma. Andika." Karani akaandika. Inspekta Prowse akasugua mikono, akasema hajapata kuona kesi safi kama hii tangu aje Afrika.

Ndesanjo alizijua kesi safi. Kwa miaka yote aliyovaa kaptula ya serikali, kesi safi ilikuwa ile ambayo wakubwa wameshaimaliza wewe hujafunga hata kamba za viatu.

"Juzi umepekua, jana umepekua," ilisema sauti nyuma yake. "Kama umeangusha shilingi sema, tutafute wote."

Alikuwa mzee Sironka, mlinzi wa godauni, Mwarusha wa kule Terrat, amekaa juu ya debe na shuka lake begani. Hakuwa na kitu cha kulinda tena, lakini alikuja kila siku kwa sababu Mehboob hakuwa amemwambia aache.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

"Nani kakuambia habari za kufungwa?"

"Askari wako wanaongea kwa sauti. Eti kufuli lilikuwa zima, mlango mzima, basi Sironka ndiye aliyemfungulia Mmeru. Mimi na Mmeru tumejuana wapi?"

Ndivyo Prowse alivyosema, neno kwa neno. Maelezo ya Sumari yalisema alimwaga mafuta ya taa kupitia tundu la hewa upande wa stesheni, akatupia kiberiti. Ndesanjo akaenda kwenye tundu lenyewe. Wavu wa waya ulikuwa bado umegongomewa kwa misumari yake, haujakatwa. Chini yake palikuwa na magunia ya chumvi, yamepata masizi juu lakini chini hayajaguswa. Mafuta ya taa yangemwagwa hapo, magunia yale yangekuwa ya kwanza kuteketea. Akavuka mpaka kona ya pili, upande wa mlima. Huko sakafu ya mbao ilikuwa imelika kutoka juu kwenda chini, shimo la mviringo kama chungu, na nguzo iliyokuwa karibu imebaki kijiti. Moto ulianzia hapa. Na hapa hapakuwa na tundu wala dirisha, na kutoka mlangoni ni lazima upite katikati ya shehena nzima.

"Jumapili ulilala, mzee?"

"Mchana? Mchana navuta ugoro. Kulala ni kazi ya usiku."

"Ukaona nini kwanza?"

"Sikuona. Nilinusa." Sironka alikunja pua. "Sisi hatuli samaki, unajua. Lakini zamani nilipeleka ng'ombe Tanga, nikapitishwa sokoni kwao. Harufu ile ile, halafu imeungua. Ilianza Jumamosi jioni. Nikamwambia Mehboob, akasema ni mafuta tu, nisimsumbue. Jumapili ikazidi, nikafungua kufuli nichungulie, moshi ukanirudisha nje. Ndipo nikapiga kelele."

"Ulifungua mwenyewe. Kabla hujafungua lilikuwa limefungwa?"

"Ufunguo naulaza shingoni. Mke wangu anaonea wivu."

Ndesanjo alichuchumaa akachokora majivu ya kona kwa kijiti. Akatoa kipande cha gunia kilichopona, kimekakamaa, kina ngozi ya kung'aa kama kimepakwa vanishi. Akakisogeza puani. Samaki. Akakifunga kwenye leso yake.

Mehboob alimpokea dukani kwake kwa chai yenye iliki, kama anavyopokea kila mtu wa serikali, akamvutia stuli nyuma ya marobota ya khanga.

"Bwana sajini, Mmeru amekiri. Sasa mimi unaniuliza nini?"

"Bima unayo?"

"Nilikuwa nayo. Imekwisha Desemba, sikulipa tena. Kama ningechoma mwenyewe ningechoma Desemba, si ndiyo?" Akacheka peke yake, kisha uso ukamshuka. "Nimepoteza kila kitu. Ndugu zangu wa Mombasa wananipigia simu kunicheka."

"Kona ile ya upande wa mlima uliweka nini?"

"Mafuta ya samaki. Pipa moja kubwa, limetoka Norwe, limeshushwa Tanga. Masetla wanawapa ndama na kuku, wanasema mifupa inakuwa migumu. Ijumaa makuli wanalishusha, wakaliangusha, likapasuka pembeni. Mafuta sakafu nzima. Nikawaambia futeni haraka. Wakafuta kwa magunia na nyuzi za pamba."

"Magunia hayo mkayatupa?"

Mehboob alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama amemtupa mtoto wake. "Gunia ni gunia, bwana. Nikasema yashindilieni kwenye kasha la chai, pale pale kona, Jumatatu yatafuliwa."

"Nani alikuwa na sigara humo?"

"Hakuna. Nimekataza. Na hata kama, mafuta yale hayashiki. Ijumaa mimi mwenyewe nilipaka kidogo kwenye kibati, nikaweka kiberiti. Kiberiti kikafa, mafuta yakabaki. Nilitaka kujua hatari yake." Akamwongezea chai. "Uliza hospitali ya misheni, Nkoaranga. Kuna Sista mmoja wa Kinorwe, Sista Aslaug. Yeye ndiye aliyenifundisha kuyaagiza."

Basi njia ikawa imefika ukutani. Moto umeanza kwenye kona ya mafuta, na mafuta hayashiki moto. Ndesanjo alirudi kituoni, akabisha kwa Inspekta Prowse, akaomba gari apande Nkoaranga.

"La nini?" Prowse aliuliza bila kuinua macho. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko tabia yake. "Maelezo yapo. Dole gumba lipo. Bado mlinzi tu, na huyo utamleta Jumamosi asubuhi pamoja na mwenzake."

"Maelezo hayalingani na godauni, bwana. Tundu alilolisema halijaguswa."

"Mwizi akikosea kueleza dirisha, haina maana hakuiba. Gari ni la kazi, Sajini."

Ndesanjo alipiga saluti. Magari ya serikali alikuwa amekwisha kuyajua mapema. Wiki ile walipokuwa wanawatoa watu Ngare Nanyuki, gari la wagonjwa pamoja na daktari wake vilipelekwa huko, vikae tayari, asije Mzungu akaungua kidole. Mkewe Aika akatokwa na damu siku nzima kitandani akisubiri gari lirudi. Lilirudi likiwa safi, halikubeba mgonjwa hata mmoja. Hilo hakumwambia Prowse, na Prowse hakuwahi kuuliza kwa nini sajini wake hupika mwenyewe.

Alhamisi alipanda lori la kahawa mpaka Tengeru, akashuka, akaanza kupanda mlima kwa miguu. Njia ya Nkoaranga inapita kati ya migomba na mibuni, imesimama kama ngazi, na kila alipodhani amefika kulikuwa na kona nyingine na mfereji mwingine wa kuruka. Alifika koti limemganda mgongoni.

Mke wa Sumari, Lydia, alikuwa amekaa nje ya nyumba ya shemeji yake akimenya ndizi. Familia mbili zilibanana kwenye nyumba ile tangu mwaka juzi. Alimwona yule askari, akaendelea kumenya.

"Karibu baba. Kaa hapo kwenye kigogo. Maji?"

"Nitashukuru mama. Jumapili mumeo alikuwa wapi?"

"Kanisani. Halafu mazoezi ya kwaya, yeye ndiye anashika sauti ya chini. Halafu akala hapa, akalala pale chini ya mgomba mpaka jioni. Uliza mtaa mzima."

"Basi mbona amesema amechoma?"

Lydia alitupa ganda kwenye kikapu. "Jumatatu kaamka gizani, kavaa koti la kanisani. Nikamuuliza unakwenda wapi, akasema mjini. Kaniaga kama anayekwenda mnadani. Habari ya moto tulikuwa tumeipata Jumapili jioni, imeletwa na watu wa lori. Hiyo sababu muulize yeye. Aliniapisha nisimwambie mtu kwamba alikuwa nyumbani."

"Na umeniambia."

"Umepanda mlima kwa miguu. Wenzako huwa wanakuja na gari."

Ndesanjo alikunywa maji yake. Ushahidi wa mke, mahakamani, Prowse angeupuliza kama unga. Mtaa mzima wa Wameru angeusukuma hivyo hivyo: wote ni wa kundi moja, wanalindana. Alihitaji kitu kisichokuwa na kabila.

Ndesanjo alimkuta Sista Aslaug kwenye baraza ya nyumba yake ndogo chini ya hospitali, ametoka zamu, miguu ameiweka kwenye karai la maji. Alikuwa mwanamke mrefu, mzee, mwenye viganja vya mwanamume. Hakuomba radhi kwa miguu yake.

"Kama ni mgonjwa, mpeleke juu. Kama ni polisi, kaa."

"Ni polisi, Sista."

Akafungua leso. Kabla hajaeleza ameshika nini, Sista alikuwa ameshanyosha mkono akakichukua kipande cha gunia, akakinusa kwa muda mrefu akiwa amefumba macho.

"Umeniletea kwetu," alisema. "Kimeungua wapi?"

Ndesanjo akamweleza: kona, kasha la chai, kufuli zima, mafuta yasiyoshika kiberiti. Sista alisikiliza akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za jirani mjinga.

"Wewe umesoma?" aliuliza.

"Darasa la nne, Sista. Baada ya hapo ada ikapanda."

"Basi nitakueleza nilivyoelezwa mimi, maana nami nilikuwa na miaka kumi tu. Kwetu ni Finnmark, juu kabisa ya Norwe, pale ardhi inapokwisha. Ukiweka ramani ukutani, mtu mfupi hafiki. Wakati wa baridi jua halichomozi miezi miwili. Wakati wa joto halizami, na watoto wanacheza nje mpaka wazazi wanasahau kuwaita. Mti hakuna. Ukipanda shayiri haikomai."

"Sasa mnaishije?"

"Bahari. Bahari yetu haigandi. Kuna mkondo wa maji ya vuguvugu unatoka mbali kusini, unapita mbele ya milango yetu, kwa hiyo bandari iko wazi hata barafu ikifunika milima yote. Majira ya kuchipua samaki wakubwa wanaingia ghuba wakiwafukuza samaki wadogo, wengi mpaka maji yanachemka. Hao ndio shamba letu. Kichwa kinakatwa, wanafungwa wawili wawili kwa mkia, wanatundikwa kwenye chanja, na upepo wa baridi unawakausha bila chumvi mpaka wawe kama kuni. Ndio tuliowauza. Zamani Warusi walikuja na merikebu za unga na mbao, wakaondoka na samaki. Babu yangu alijua Kirusi cha samaki na unga, zaidi ya hapo hakujua hata kusema asante. Kisha kule kwao wakampindua mfalme, merikebu zikakoma, tukaanza kununua unga kutoka kusini kwa bei ya kusini."

"Na mafuta?"

"Nakuja huko, usiniharakishe, nimesimama tangu alfajiri. Ini la samaki huyo limejaa mafuta. Baba yangu alikuwa na banda la kuyachemshia kwa mvuke. Wanaume walikuwa wanachemsha na kumimina, wanawake wanafuta. Na mimi kazi yangu, kila jioni, ilikuwa kukusanya matambara yote ya kufutia na kuyatupa baharini, au kama yanafaa bado, kuyatandaza moja moja juu ya mawe kwenye upepo. Hata kama kuna theluji. Ningesahau hilo ningechapwa. Kusahau kusali nilikuwa nasamehewa."

"Kwa nini kuyatandaza?"

"Kwa sababu mara moja niliumwa, wakamwachia kaka yangu kazi hiyo. Yeye akayashindilia yote kwenye pipa tupu ili awahi kucheza. Asubuhi hatukuwa na banda." Alitoa mguu mmoja kwenye karai, akaukausha. "Hakukuwa na moto mle. Hakukuwa na mtu. Mafuta yale yakiwa mengi kwenye pipa hayana neno, utaweka kiberiti kitakufa. Lakini yakiwa membamba, yamelowa kwenye nyuzi, hewa inayala, na yakiliwa na hewa yanatoa joto. Ukitandaza, joto linakwenda zake. Ukishindilia, joto linakaa ndani, linaongezeka, linaongezeka, mpaka siku ya pili linatafuta njia. Maganda ya kahawa umewahi kuyaona?"

Ndesanjo alikuwa ameyaona. Kila mtu wa mlimani ameyaona, rundo la maganda mabichi likifuka asubuhi, ukitia mkono katikati unautoa mbio.

"Mehboob ni mtu wa khanga na sukari," Sista alisema. "Na makuli ni watu wa bara. Kwetu hata mtoto asingefanya kosa hilo. Hapa kila mtu angelifanya."

Ndesanjo alitoa penseli, akamwomba arudie kiasi cha mafuta na siku. Sista akarudia, mara mbili, kama anavyowarudishia manesi wapya vipimo vya dawa. Yasiwe yanatiririka. Yalowe tu. Yashindiliwe, lakini hewa ipite. Pawe na joto. Alipomaliza kuandika, alikunja karatasi.

"Banda mlilijenga tena?"

"Tulilijenga. Likachomwa mara ya pili, na mara hiyo kulikuwa na mtu." Sauti yake haikubadilika. "Mwaka wa arobaini na nne Wajerumani walipokuwa wanawakimbia Warusi, walichoma pwani nzima. Kila nyumba, kila hospitali, mpaka mabanda ya kuku. Watu wakapakiwa kwenye meli kupelekwa kusini. Mama yangu alijificha pangoni kipindi chote cha baridi, na ng'ombe mmoja."

"Na sasa?"

"Wamerudi. Serikali yetu iliwaambia ngojeni kwanza tupange. Hawakungoja."

"Aliyeamuru kuchoma alifanywa nini?"

"Jenerali mmoja alishtakiwa. Majaji wakasema kwa hilo la kuchoma hana kosa, alidhani adui yuko karibu." Akamrudishia kipande cha gunia. "Niliposikia nilivunja sahani. Lakini alisimama pale, na mambo yote yakasomwa kwa sauti, nyumba kwa nyumba. Watu wa Ngare Nanyuki ninaowatibu hapa hata hilo hawajapata. Unakwenda na mafuta? Ninayo chupa mbili."

Jioni hiyo, nyuma ya kituo, Ndesanjo aliweka makasha mawili ya chai ukutani, chini ya bati. Kasha la kwanza alilijaza magunia na nyuzi za pamba, akamimina mafuta mpaka yakachuruzika. Ndipo akakumbuka alivyoambiwa, akajitukana. La pili akalilowesha kidogo kidogo, akalishindilia kwa kisigino. Askari wawili waliokuwa wanapiga deki veranda walimtazama.

"Afande anapika," mmoja alisema.

"Tangu afiwe hajui kupika kingine," mwenzake akajibu, chini chini, lakini si chini vya kutosha. Ndesanjo aliwaacha.

Ijumaa asubuhi makasha yote yalikuwa baridi. Saa sita alitia mkono kwenye la kwanza: baridi. La pili: vuguvugu, kama kitanda alichotoka mtu. Akalisogeza juani zaidi. Alipotoka kula alikuta ile harufu ya Sironka imejaa uani, nzito, ya samaki aliyeungua, na wale wapiga deki wamesimama mbali wameshika pua. Akaenda kumwita Inspekta Prowse.

Prowse alikuja na kiko mdomoni, akaambiwa akiache ndani, akakasirika, akakiacha. Alitazama kasha. Uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unatoka kati ya magunia.

"Nani amewasha?"

"Tia mkono, bwana."

Prowse alitia mkono mpaka kiwiko. Akautoa haraka, akaupuliza, akaukung'uta. Hapo Ndesanjo akachukua reki, akalifunua rundo katikati. Hewa ilipoingia, kitu chekundu kilichokuwa kimelala humo kilifumbua jicho, na magunia yakashika yenyewe, mbele yao wote, mchana kweupe. Askari mmoja alikimbilia ndoo.

"Mehboob alishindilia Ijumaa," Ndesanjo alisema. "Mlinzi alinusa Jumamosi. Jumapili likashika. Kufuli zima, wavu mzima, kona ile ile. Na Sumari alikuwa kwenye kwaya Nkoaranga. Hakuna aliyechoma, bwana."

Alikuwa amejiandaa kwa mabishano. Usiku alikuwa ameyapanga maneno yake, hata yale ambayo yangemvua ile mistari ya begani. Lakini Prowse aliendelea kuutazama moshi, na polepole uso wake ukalegea, ukaanza kufurahi.

"Kazi nzuri, Sajini. Kazi nzuri sana." Akampiga bega, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Jana nilipigiwa simu kutoka Dar es Salaam. Habari za hawa Wameru zimekwishafika mpaka kwenye magazeti ya Ulaya. Wakubwa hawataki kabisa Mmeru asimame kizimbani sasa hivi, aanze kuhutubia, na waandishi wanaandika. Waliniuliza kama kuna njia. Nikasema amekiri, nitafanyaje? Na wewe umenipa njia." Aliutazama mkono wake ulioungua kidogo, akacheka. "Mwachie leo hii. Na yule mlinzi wako usimlete tena. Jalada nitalifunga mwenyewe."

Akarudi ndani kuchukua kiko chake.

Ndesanjo alibaki uani na reki mkononi mpaka askari walipomaliza kumwagia maji. Kisha akachukua funguo, akaenda selo.

Nathanaeli Sumari alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mtu mpana wa makamo. Alikuwa anasema jambo kimya kimya, midomo ikicheza, kama mtoto anayekariri somo. Aliacha mlango ulipolia.

"Ni Jumamosi?"

"Ijumaa. Umeachiwa."

Sumari hakusimama. Ndesanjo akamweleza yote, kasha, matambara, mafuta ya pwani ya barafu, na Sumari akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nani alikutuma ukatafute hayo?"

"Hakuna. Maelezo yako yalikuwa ya uongo."

"Kwani nilikuomba?"

"Ungefungwa mpaka ufe, Sumari. Na mzee Sironka angefungwa nawe, eti alikufungulia."

Hilo Sumari hakuwa analijua. Alitazama chini. "Sikumtaja mtu."

"Hukumtaja. Wao wangemtaja."

Nje mtu alikuwa anaburuta kasha lililoungua kulipeleka jalalani.

"Ile siku walipochoma kwangu," Sumari alisema, "nilimwambia yule Mzungu, ngoja nikueleze. Akaingia kwenye gari. Nikaenda bomani, karani akasema andika barua. Tukaandika, tukaandika. Hakuna aliyekaa chini akasikiliza. Basi nikasikia godauni la masetla limeungua, nikasema, hii hapa. Jaji lazima akae. Sheria inamkataza kuondoka mshtakiwa akiwa anasema, sivyo? Angeniuliza kwa nini ulichoma, na mimi ningeanzia mwanzo." Alimwinulia Ndesanjo macho. "Nilikuwa nimeyapanga. Yote. Kuanzia mto wa Ngare Nanyuki."

Ndesanjo alishika ule ufunguo. Alikuwa amekuja na neno la kumwambia, kwamba ni bora mtu awe nje, kwamba Lydia anasubiri, na alipolifungulia kinywa akaona halina uzito wowote. Prowse alikuwa ameshakiwasha kile kiko. Moshi wake mtamu ulipita kwenye ukumbi.

"Toka, ndugu yangu," alisema. "Wameniamuru nikutoe."

"Sasa nitamwambia nani?"

"Sijui."

Sumari alisimama, akakung'uta koti lake la kanisani mbele na nyuma, taratibu, akatoka. Mlangoni hakumwangalia tena. Ndesanjo alisimama ndani ya selo tupu, mlango wazi, akamsikia akivuka veranda, akishuka ngazi, na midomo yake, Ndesanjo aliamini, ilikuwa bado inacheza.